Utando wa plastiki wa kufungashia chakula

Utando wa plastiki wa kufungashia chakula (wingi: tando za plastiki) ni plastiki nyembamba inayokunjika, kwa kawaida yenye unene usiozidi robo ya milimita, inayotumika kufunika chakula au kukitia ndani yake. Nchini Tanzania watu wengi huuita "nailoni", ingawa mara nyingi plastiki yenyewe si nailoni kwa maana ya kikemia, bali ni polietilini au polipropilini.

Kazi kuu ya utando ni kupunguza kasi ambayo oksijeni, mvuke wa maji, mwanga, harufu, wadudu na vijidudu hukifikia chakula, pamoja na kasi ambayo unyevu na harufu ya chakula hutoka. Kila plastiki hupitisha hewa na maji kwa kiasi fulani, na kila chakula huharibika kwa njia yake. Kwa hiyo utando unaolifaa zao moja unaweza kuliharibu zao jingine.

Tofauti hiyo huonekana wazi katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania. Mahindi makavu ya chakula huweza kuhifadhiwa katika mifuko isiyopitisha hewa. Korosho ghafi hutiwa katika magunia ya nyuzi ili ziendelee kupumua. Na korosho zilizobanguliwa hufungwa katika utando wa tabaka kadhaa ambao hewa yake imeondolewa.

Historia

Utando wa kwanza wenye kung'aa uliotumika sana kufungia chakula ulikuwa selofani. Ulibuniwa mwaka 1908 na Jacques E. Brandenberger, mkemia kutoka Uswisi aliyefanya kazi Ufaransa. Selofani hutengenezwa kutokana na selulosi ya miti, kwa hiyo si plastiki ya mafuta ya petroli. Mwanzoni ilizuia vumbi lakini haikuzuia unyevu. Mwaka 1927 William Hale Charch wa kampuni ya DuPont nchini Marekani alipata njia ya kuipaka varnishi inayozuia mvuke wa maji, na kuanzia hapo ikaweza kutunza mikate, biskuti na peremende.

Polietilini iligunduliwa kwa bahati mwezi Machi 1933 na Reginald Gibson na Eric Fawcett, wakemia wa kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilitumika hasa kufunika nyaya za rada. Baada ya vita viwanda vilitafuta soko jipya, na ufungashaji ukawa mojawapo ya masoko hayo. Mwaka 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani alipata njia ya kutengeneza polietilini nzito bila kutumia mgandamizo mkubwa. Mwaka uliofuata Giulio Natta wa Italia alitengeneza polipropilini ngumu yenye mpangilio maalumu wa molekuli. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963.

Poliyesta aina ya PET ilibuniwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield pamoja na James Tennant Dickson. Miaka ya 1970 kampuni ya Kuraray ya Japani ilianza kuuza plastiki ya EVOH, ambayo huzuia oksijeni mara maelfu kuliko polietilini ya unene uleule. Tangu hapo watengenezaji wameweza kuunganisha plastiki mbalimbali katika utando mmoja, kila tabaka likiwa na kazi yake.

Malighafi

Plastiki zinazotumika zaidi kutengeneza tando za chakula ni hizi:

- Polietilini nyepesi (LDPE na LLDPE). Ni laini na huyeyuka kwenye nyuzijoto 110 hadi 125 hivi, kwa hiyo huzibika kwa urahisi kwa joto. Huzuia mvuke wa maji vizuri lakini hupitisha oksijeni nyingi.
- Polietilini nzito (HDPE). Ni ngumu zaidi, hutoa mlio wa kukwaruza inapofinyangwa mkononi, na huzuia hewa na maji kuliko ile nyepesi.
- Polipropilini (PP). Huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi. Ikivutwa pande mbili wakati wa kutengenezwa huwa angavu na yenye nguvu, na hutumika kufungia biskuti, tambi na karanga. Polipropilini hiyohiyo ikikatwa vipande vyembamba na kufumwa hutoa mifuko ya salfeti na viroba vya unga.
- Poliyesta (PET). Huvumilia joto, haivutiki ovyo na hupokea wino vizuri. Kwa kawaida huwekwa nje ya utando wa tabaka nyingi.
- Nailoni halisi (poliamidi). Haitoboki kwa urahisi na huzuia oksijeni. Hutumika kwa nyama, samaki na vyakula vinavyotolewa hewa.
- EVOH. Huzuia oksijeni sana inapokuwa kavu, lakini hupoteza uwezo huo ikilowa. Kwa sababu hiyo hufichwa katikati ya tabaka za polietilini.
- Alumini. Si plastiki, lakini hupakwa kwenye utando kama ukungu mwembamba sana ili kuzuia mwanga na hewa. Ndiyo inayoipa pakiti rangi ya fedha upande wa ndani.

Jinsi unavyotengenezwa

Malighafi hufika kiwandani ikiwa chembe ndogo zinazofanana na punje za mchele au mtama. Chembe hizo humiminwa katika mashine yenye parafujo ndefu inayozunguka ndani ya bomba lenye joto. Parafujo huzisukuma, huziyeyusha na kuzichanganya hadi ziwe kama uji mzito, kisha uji huo husukumwa kupitia tundu lenye umbo maalumu.

Katika njia ya kupuliza, tundu hilo lina umbo la pete. Plastiki hutoka kama bomba laini, na hewa hupulizwa ndani yake hadi bomba livimbe kuwa puto refu linalopanda juu. Hewa baridi hulipoza kwa nje, kisha magurudumu mawili hulibana na kulilaza kuwa utando bapa wenye pande mbili. Fundi hubadili upana kwa kuongeza hewa ya puto, na hubadili unene kwa kuongeza au kupunguza kasi ya magurudumu. Mifuko mingi ya polietilini hutengenezwa hivyo.

Katika njia ya kumwaga, plastiki hutoka kupitia mwanya mrefu na kuangukia gurudumu lililopozwa. Utando wake huwa angavu zaidi na wenye unene sawa kila mahali. Ukivutwa tena kwa urefu na kwa upana ungali na joto, molekuli zake hujipanga na utando huongezeka nguvu.

Utando wa tabaka nyingi hupatikana kwa njia mbili. Mashine kadhaa zinaweza kusukuma plastiki tofauti kupitia tundu moja kwa wakati mmoja, au tando zilizokwisha kutengenezwa zinaweza kubandikwa pamoja kwa gundi. Mara nyingi maandishi huchapwa upande wa ndani wa tabaka la nje, ili wino usiguse chakula wala kufutika kwa mkono.

Unene hupimwa kwa maikroni. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kwa utando wa plastiki ya aina moja, ukiongeza unene mara mbili, kiasi cha gesi kinachopenya hupungua kwa takriban nusu.

Kuulinganisha utando na chakula

Kazi ya kubuni utando huanzia kwenye chakula chenyewe. Mbunifu huuliza kwanza ni kitu gani kitakachokiharibu mapema kuliko vingine.

Vyakula vikavu kama unga, biskuti na kahawa huharibiwa na unyevu. Kwa hivyo huhitaji utando unaozuia mvuke wa maji. Vyakula vyenye mafuta, kama karanga zilizokaangwa, korosho na ufuta, huchacha mafuta yake yanapokutana na oksijeni, hasa penye mwanga na joto. Kwa hivyo huhitaji utando unaozuia oksijeni na ikiwezekana mwanga pia. Nyama na samaki wabichi huharibiwa na bakteria. Kuondoa hewa huwapunguza baadhi ya bakteria hao, lakini wapo wengine wanaostawi pasipo oksijeni, kwa hiyo baridi bado inahitajika.

Matunda na mboga mbichi ni jambo tofauti. Hata baada ya kuchumwa huendelea kuvuta oksijeni na kutoa dioksidi ya kaboni na maji. Zikifungwa katika utando usiopitisha hewa hukosa oksijeni, huanza kuchachuka na kutoa harufu mbaya. Utando wake unapaswa kupitisha hewa kwa kasi inayolingana na upumuaji wa tunda, na mara nyingi hutobolewa vitundu vidogo sana kwa makusudi.

Baada ya kuchagua plastiki na unene, sampuli hupimwa maabara. Vipimo vya kawaida ni kiasi cha oksijeni na cha mvuke wa maji kinachopita kwa siku katika eneo fulani la utando, nguvu inayohitajika kuuchana au kuutoboa, na uimara wa mahali palipozibwa. Kipimo hicho cha mwisho hakina budi kufanyika, kwa sababu pakiti nyingi hushindwa kwenye mshono wakati utando wenyewe ni mzima. Wauzaji wadogo wa karanga na ubuyu ambao huziba vipakiti kwa mwali wa mshumaa hukutana na tatizo hilohilo: moto ukizidi, utando hutoboka, ukipungua, mshono hufunguka.

Hatua ya mwisho ni majaribio ya muda mrefu katika mazingira halisi: ghala lenye joto, lori katika barabara ya vumbi, duka lisilo na jokofu. Utando uliofaulu katika hali ya hewa ya Ulaya unaweza kushindwa kwenye joto la pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa plastiki hupitisha gesi nyingi zaidi kadiri joto linavyopanda.

Mifuko isiyopitisha hewa ya kuhifadhi nafaka

Mfano unaojulikana zaidi Afrika wa utando uliobuniwa kwa ajili ya wakulima wadogo ni mfuko wa PICS, ambao nchini Tanzania huitwa pia mfuko wa kinga njaa. Asili yake ni utafiti ulioanza miaka ya 1980 kaskazini mwa Kamerun, ambako mwanabiolojia wa wadudu Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alishirikiana na watafiti wa nchi hiyo kutafuta njia ya kulinda kunde dhidi ya wadudu bila kutumia sumu. Mwaka 2007 mradi mkubwa wa kuieneza mifuko hiyo Afrika Magharibi ulianza kwa fedha za Bill & Melinda Gates Foundation. Baadaye mifuko ilijaribiwa kwa mahindi, mtama, karanga na mazao mengine, na awamu iliyoanza mwaka 2014 iliihusisha Tanzania.

Mfuko wa PICS una sehemu tatu: mifuko miwili ya ndani ya polietilini nzito, kila mmoja ukiwa na unene wa maikroni 80 hivi, na mfuko wa nje wa salfeti unaobeba uzito. Kila mfuko wa ndani hufungwa peke yake.

Polietilini nzito si kizuizi bora cha oksijeni. EVOH na nailoni huizidi kwa mbali, lakini ni ghali. Mfuko hufanya kazi kwa sababu wadudu walio ndani ya nafaka hupumua. Huitumia oksijeni iliyofungiwa nao haraka kuliko inavyoweza kupenya kutoka nje kupitia tabaka mbili nene. Katika siku chache oksijeni hushuka sana, na wadudu huacha kula na kuzaliana. Utafiti wa kikundi cha Murdock uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kwa wadudu wa kunde chanzo kikubwa cha kifo ni kukauka: mdudu anayeishi ndani ya punje kavu hupata sehemu kubwa ya maji yake kwa kuvunja chakula kwa msaada wa oksijeni, na ikikosekana hukosa maji.

Kwa hiyo kizuizi kilichohitajika kilikuwa kile tu kinachoishinda kasi ya upumuaji wa wadudu, tena kwa plastiki inayopatikana kwa urahisi na kwa mashine ambazo viwanda vya Afrika tayari vinazo. Nchini Tanzania mifuko ya PICS imetengenezwa na Pee Pee Tanzania Limited ya Tanga. Kampuni ya A to Z Textile Mills ya Arusha hutengeneza mfuko wa AgroZ, wenye mfuko mmoja wa ndani wa tabaka kadhaa. Malighafi ya plastiki yenyewe huagizwa kutoka nje ya nchi.

Wadudu wanaolengwa

Adui wa zamani wa mahindi ghalani ni fukusi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu mwingine kutoka Amerika ya Kati alionekana katika eneo la Tabora. Ni dumuzi, ambaye wakulima wengi wa Tanzania walimwita "Scania". Dumuzi hutoboa punje, magunzi na hata mbao, na huacha unga mwingi. Kutoka Tanzania alienea katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Kabla ya mifuko isiyopitisha hewa, kinga ya kawaida ilikuwa kuchanganya mahindi na dawa ya unga, ambayo huhitaji kupimwa kwa usahihi na kurudiwa, na huwa hatari ikitumiwa vibaya katika nafaka ya chakula.

Masharti ya matumizi

Mfuko hauwezi kurekebisha nafaka iliyoingizwa ikiwa mbichi. Mahindi yanatakiwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Yakizidi, maji hayana pa kutokea, na kuvu huweza kuota kabla oksijeni haijaisha. Mkulima asiye na kipima unyevu anaweza kutumia chumvi: huweka kiasi kidogo cha chumvi kavu na kiganja cha mahindi katika chupa kavu, hutikisa, kisha huiacha itulie kwa dakika 10 hadi 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yarudishwe juani.

Mambo mengine ya kuzingatia ni haya:

- Mifuko ya ndani ikaguliwe kwa kujazwa upepo na kuminywa, ili kuona kama ina tundu.
- Nafaka ipepetwe, kwa kuwa kipande cha gunzi au kijiti kinaweza kutoboa utando.
- Hewa iminywe itoke, kisha shingo ya kila mfuko isokotwe, ikunjwe na kufungwa kwa kamba imara.
- Mfuko usijazwe kwa mtindo wa lumbesa, kwa sababu shingo ya kutosha lazima ibaki.
- Mifuko iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na mahali pasipo na panya.
- Usifunguliwe mara kwa mara. Kila unapofunguliwa oksijeni mpya huingia. Familia hushauriwa kumaliza mfuko mmoja kabla ya kuugusa mwingine.

Mfuko ambao haujatoboka unaweza kutumika tena msimu unaofuata.

Matumizi katika Ruangwa na Nachingwea

Kata ya Matambarale ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Ruangwa. Kama ilivyo katika sehemu kubwa ya wilaya hiyo na ya Nachingwea iliyo jirani, maisha ya wakazi wengi hutegemea kilimo cha mahindi, mtama, muhogo, mbaazi, karanga, ufuta na korosho. Mvua ni za msimu mmoja, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mahindi yaliyovunwa baada ya mvua hizo yanatakiwa kufika hadi mazao mapya ya msimu unaofuata, na miezi migumu ni ile ya Januari hadi Machi.

Hali hiyo huufanya uhifadhi kuwa suala la chakula na la fedha kwa pamoja. Kaya inayoogopa dumuzi huuza mahindi mara tu baada ya mavuno, wakati kila mtu anauza na bei iko chini, kisha hununua unga miezi michache baadaye kwa bei ya juu. Nafaka iliyofungwa vizuri huweza kusubiri.

Korosho ghafi, zao kuu la biashara, huhitaji kinyume chake. Huvunwa kati ya Oktoba na Desemba, wakati mwingine mvua zikiwa zimeanza, na hukusanywa na vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) kabla ya kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Katika Ruangwa, Nachingwea na Liwale vyama hivyo viko chini ya Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI. Korosho ghafi hutiwa katika magunia ya jute au ya katani. Nyuzi zake huruhusu unyevu uliobaki kutoka, wakati mfuko wa plastiki huurudisha kwenye korosho na kuziotesha kuvu.

Mara inapobanguliwa, korosho hubadilika tena. Kiini chake hukaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 5, na mafuta yake yakiachwa hewani huchacha. Zamani viini vilisafirishwa katika madebe ya bati. Siku hizi hutiwa zaidi katika mifuko ya utando wa tabaka kadhaa; hewa huondolewa, na mara nyingi dioksidi ya kaboni au naitrojeni huingizwa badala yake. Katoni ya kawaida ya biashara ya kimataifa ni ya ratili 50, yaani kilo 22.68. Kwa hiyo zao lilelile hupita katika vifungashio viwili vyenye sifa zinazopingana kati ya shamba na meli.

Usalama wa chakula

Sumukuvu

Sumukuvu (aflatoksini) hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus katika mahindi, karanga na mazao mengine. Nyingi ikiliwa kwa muda mfupi huharibu ini na huweza kuua; kidogokidogo kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ini. Mwaka 2004 mlipuko wa sumukuvu mashariki mwa Kenya uliwapata watu 317, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 mlipuko mwingine uliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania.

Utando usiopitisha hewa huzuia kuvu kuongezeka katika nafaka kavu, lakini hauondoi sumu ambayo tayari imo. Sumukuvu huweza kuanza shambani, hasa wakati wa ukame, au juu ya ardhi wakati wa kukausha. Kwa sababu hiyo kukausha juu ya turubai na kutenga punje mbovu hutangulia kazi ya mfuko.

Kemikali kutoka katika plastiki

Kiasi kidogo cha vitu vilivyomo katika plastiki huweza kuhamia katika chakula, hasa chakula cha moto, chenye mafuta au chenye asidi. Umoja wa Ulaya huweka kikomo cha jumla cha miligramu 10 kwa kila desimita mraba ya utando, na hupima kwa kutumia vimiminika vinavyowakilisha chakula, kama asidi ya siki na mafuta ya mimea. Nchini Tanzania viwango vya vifungashio hutolewa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Mifuko iliyowahi kubeba mbolea au dawa za shambani haifai kuhifadhia chakula hata ikioshwa. Vilevile chakula cha moto hakipaswi kumiminwa katika mfuko mwembamba ambao haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Sheria katika Afrika Mashariki

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, na Kenya kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Tanzania Bara ilitangulia kuzuia pombe kali zilizofungwa katika vipakiti vya plastiki, maarufu kwa jina la viroba, kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Mwezi Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ambaye wakati huo alikuwa pia mbunge wa Ruangwa, alitangaza bungeni kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ingepigwa marufuku. Kanuni zake, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zilianza kutumika tarehe 1 Juni 2019.

Kanuni hizo hutofautisha mfuko wa kubebea na kifungashio. Plastiki za kufungashia vyakula, pamoja na zile za kilimo, tiba, viwanda, ujenzi na usafi, hazikupigwa marufuku. Mifuko ya kuhifadhi nafaka na pakiti za korosho ziliendelea kuwa halali.

Baada ya mwaka 2019 baadhi ya wafanyabiashara walianza kutumia vifuko vyembamba vya kufungashia karanga na barafu kama mbadala wa mifuko ya kubebea. Mwaka 2021 serikali ilizuia vifungashio vya plastiki visivyokidhi viwango vya TBS. Usimamizi wa marufuku hizo uliwekwa chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) pamoja na mamlaka za mitaa.

Taka na urejelezaji

Utando wa plastiki moja, kama mfuko wa ndani wa PICS, unaweza kuyeyushwa na kutengenezwa kitu kingine. Utando wa tabaka nyingi ni mgumu kurejeleza, kwa sababu plastiki zake huyeyuka kwenye joto tofauti na hazichanganyiki vizuri. Polietilini huwa imeyeyuka zamani wakati poliyesta, inayohitaji nyuzijoto 250 hivi, bado ni ngumu. Hivyo sifa ileile inayokifanya kifungashio kitunze chakula kwa muda mrefu ndiyo inayokifanya kibaki taka. Vijijini, ambako hakuna ukusanyaji rasmi wa taka, tando nyingi huishia kuchomwa au kuachwa shambani.

Watengenezaji wanajaribu kupata kizuizi cha kutosha kwa kutumia plastiki ya jamii moja tu, kwa mfano polietilini iliyovutwa ikabandikwa na polietilini laini, pamoja na tabaka jembamba sana la EVOH. Msukumo mmoja unatoka katika kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu vifungashio iliyoanza kuwa na nguvu ya kisheria tarehe 11 Februari 2025, inayotaka vifungashio vyote vinavyoingia katika soko lake viweze kurejelezwa ifikapo mwaka 2030. Kanuni hiyo inawagusa pia wanaopeleka korosho na ufuta Ulaya.

Plastiki zinazotokana na mimea, kama PLA ya wanga wa mahindi au miwa, zimependekezwa kuwa mbadala. PLA huoza vizuri katika mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi karibu 60, lakini huoza polepole sana ikitupwa ardhini au baharini, na huzuia mvuke wa maji kwa udhaifu kuliko polietilini. Kwa nafaka inayopaswa kukaa kavu kwa miezi tisa au kumi, udhaifu huo ni kikwazo. Kwa sasa njia iliyo karibu zaidi na mkulima ya kupunguza taka ni kuutunza mfuko usitobolewe, ili utumike zaidi ya msimu mmoja.